Rwanda: Kodi ya ardhi imeshushwa, swali la matumizi limebaki

Kwa miaka mitano, kuanzia Septemba 2018 hadi Septemba 2023, wenye nyumba nchini Rwanda waliishi chini ya sheria iliyoruhusu kodi ya ardhi kufikia faranga 300 kwa kila mita ya mraba, wakati ukomo wa awali ulikuwa faranga 80. Sheria hiyo leo haipo. Iliyochukua nafasi yake, Sheria namba 48 ya mwaka 2023, imerudisha ukomo wa faranga 80 na kupunguza kwa nusu kodi ya nyumba ya pili ya makazi. Ni nadra kwa serikali za ukanda huu kupunguza kodi ya mali baada ya kuipandisha kisheria, na kwa hilo Kigali inastahili kutajwa. Lakini manung'uniko yaliyoifikisha serikali hapo hayakuhusu kiwango peke yake. Nyuma yake kulikuwa na swali la pili, ambalo sheria mpya haikulijibu: fedha hizo zinamfanyia nini mtu anayezilipa?

Ili kuelewa ukubwa wa mabadiliko ya mwaka 2018, yafaa kuanza na hesabu. Mwenye kiwanja cha mita za mraba 600 mahali palipotozwa kiwango cha juu kabisa cha zamani alidaiwa faranga 48,000 kwa mwaka. Ukomo mpya ukitumika, kiwanja kile kile kingedaiwa faranga 180,000. Hakuna chumba kilichoongezwa, hakuna mti uliopandwa, wala mshahara haukupanda. Kiwanja kisichojengwa kiliongezewa asilimia 100 juu ya kiwango hicho, kwa hoja kwamba ardhi ya mjini haipaswi kulala bure ikisubiri bei ipande.

Upande wa majengo, sheria ilisamehe nyumba moja ambayo mwenyewe ameichagua kuwa makazi ya familia yake. Nyumba ya pili na zinazofuata ziliwekewa ngazi: asilimia 0.25 ya thamani mwaka 2019, asilimia 0.5 mwaka 2020, asilimia 0.75 mwaka 2021, na asilimia moja kuanzia 2022. Majengo ya biashara yalipangiwa kuishia kwenye asilimia 0.5, na ya viwanda asilimia 0.1. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 2011 ilitoza elfu moja kwa milioni, yaani asilimia 0.1, na wenye hati za kukodi ardhi ya serikali kwa muda mrefu walikuwa wakilipa ada ya ukodishaji tu.

Lililowashangaza wengi ni kwamba nyumba ya kulala watu ilitozwa mara mbili ya duka. Mwaka 2019 wakili mmoja wa Kigali aliyapeleka baadhi ya mafungu ya sheria hiyo mbele ya Mahakama ya Juu akidai yanakwenda kinyume na Katiba, na tofauti hiyo ya viwango ilikuwa miongoni mwa hoja zilizosikilizwa. Kodi yenyewe ilisalimika mahakamani na ikaendelea kukusanywa. Hata hivyo kesi hiyo ilifanya jambo moja la maana: iliutoa mjadala kwenye vibaraza vya nyumba na kuuweka mahali ambapo serikali ililazimika kueleza sababu zake kwa maandishi.

Sababu hizo hazikuwa za ovyo. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilipima na kuandikisha zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi, kazi ambayo nchi nyingi za Afrika hazijaimaliza hadi leo. Mara baada ya kila kiwanja kupata namba yake, ikawa rahisi kujua nani anamiliki nini na wapi. Wilaya nazo zilikuwa, na bado ziko, zikitegemea kwa sehemu kubwa fedha kutoka hazina kuu. Sera ya kugatua madaraka inataka wilaya ziwe na mapato yake, na hakuna mapato yanayofaa wilaya zaidi ya kodi ya ardhi na majengo, kwa kuwa nyumba haiwezi kuhamishwa usiku kwenda wilaya jirani. Wachumi wengi huiona kodi hii kuwa ya haki kuliko kodi ya mshahara au ya bidhaa: inamgusa mwenye mali, na inachukua sehemu ndogo ya thamani ambayo mara nyingi imeletwa na barabara ya serikali.

Tatizo liko katika neno thamani. Thamani ya kiwanja imo kwenye karatasi hadi siku kitakapouzwa. Kodi inadaiwa kwa fedha taslimu, kila mwaka, kabla ya tarehe 31 Desemba.

Hapo ndipo Wakigali wazungumzao Kiswahili wanapoguswa kwa karibu. Biryogo na sehemu kubwa ya Nyamirambo, katika wilaya ya Nyarugenge, ni mitaa iliyokaliwa tangu enzi za ukoloni na wafanyabiashara Waislamu na jamaa zao, na ndiko Kiswahili kilikokuwa lugha ya nyumbani muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Zamani ilikuwa pembezoni mwa mji. Leo ni mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, na tangu 2021 sehemu ya Biryogo imefungiwa magari, barabara zake zimepakwa rangi na migahawa imetandaza meza nje. Ardhi ya babu imekuwa ardhi ya bei, na familia iliyoirithi haijawa tajiri kwa sababu hiyo.

Nyumba za mitaa kama hiyo pia hazikujengwa kwa namna ambayo sheria inaifikiria. Sheria inamwona baba, mama na watoto katika nyumba moja, kwenye kiwanja kimoja. Uani wa Kiswahili una nyumba kubwa ya wazazi, vyumba vya nyuma vya ndugu walioolewa na walioachika, na vyumba viwili vitatu vya wapangaji ambavyo pango lake ndilo linalomlisha bibi. Hati inaweza kuwa na majina ya warithi watano, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Bukavu. Msamaha wa nyumba ya makazi unamfaa nani kati yao? Na ankara ya kodi ikifika, nani anakwenda kuilipa?

Kiswahili chenyewe kinaleta mkanganyiko hapa, maana neno kodi hutumika kwa fedha anayopokea mwenye nyumba kutoka kwa mpangaji na pia kwa fedha anayoitoa kwa serikali. Nchini Rwanda fedha hizo mbili zinafungamana. Mwenye nyumba ya kupangisha hulipa kodi ya jengo kwa kuwa analimiliki, kisha hulipa kodi ya mapato ya pango kwa kuwa limemwingizia fedha. Tuseme nyumba ina thamani ya faranga milioni 40 na inapangishwa kwa faranga 300,000 kwa mwezi. Mwaka 2022 kodi ya jengo, kwa asilimia moja, ilikuwa faranga 400,000. Kodi ya pango, baada ya kuondoa nusu ya mapato kama gharama na kuzitumia ngazi za sheria za asilimia sifuri, 20 na 30, ilikuwa faranga 404,000. Jumla yake inazidi pango la miezi miwili na nusu, kabla hata bati moja halijabadilishwa na kabla ya kodi ya ardhi. Mwenye nyumba akiona hivyo, kwa kawaida hupandisha pango. Hivyo kodi iliyotungwa kwa ajili ya wenye mali humfikia pia mtu asiyekuwa na mali yoyote, kupitia kwa mpangishaji wake, na jina lake halionekani popote katika daftari la Mamlaka ya Mapato.

Ugonjwa wa Korona ndio uliogeuza manung'uniko kuwa kilio. Rwanda ilifungwa Machi 2020. Wapangaji waliopoteza kazi waliacha kulipa, maduka ya katikati ya jiji yakafungwa, na ankara za kodi ya ardhi zilizotokana na viwango vipya vya mabaraza zikaanza kuwafikia watu mwishoni mwa mwaka huo huo. Januari 2021 Kigali ilifungwa kwa mara nyingine. Katika kipindi hicho serikali ilisalimu amri: viwango vya mwaka 2019 vikarejeshwa kwa muda na siku ya mwisho ya kulipa ikasogezwa mbele. Februari 2023 uzito wa kodi ukajitokeza tena katika Umushyikirano, mkutano wa kitaifa wa mashauriano, na mwezi Aprili baraza la mawaziri likapitisha mpango mpana wa kupunguza kodi, ukiwamo ule wa makampuni ulioshushwa kutoka asilimia 30 hadi 28. Sheria mpya ya mapato ya wilaya ilitoka Septemba. Nyumba ya pili ya makazi sasa inatozwa asilimia 0.5, jengo la biashara asilimia 0.3, na ardhi haipaswi kuvuka faranga 80 kwa mita ya mraba.

Fedha za nani, kazi ya nani

Mwenye nyumba anapolalamika kuhusu kodi, mara chache husema asilimia. Husema: tunalipa, halafu tunaona viwanja vya michezo. Ukumbi wa michezo uliofunguliwa mwaka 2019, uwanja wa Amahoro uliopanuliwa kuchukua watu 45,000 na kuzinduliwa Julai 2024, mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba 2025, uwanja wa ndege unaojengwa Bugesera, na jina la nchi lililowekwa kwenye mikono ya jezi za Arsenal mwaka 2018, mwaka ule ule ilipotungwa sheria ya kodi. Bajeti ya taifa, iliyokuwa takriban faranga bilioni 2,400 mwaka wa fedha 2018/19, imevuka bilioni 7,000 mwaka wa 2025/26. Mfumuko wa bei umechangia ongezeko hilo, lakini haulielezi lote.

Kwa hesabu za serikali, lawama hiyo imekosea mlango. Kodi ya ardhi na majengo hukusanywa na Mamlaka ya Mapato kwa niaba ya wilaya na Jiji la Kigali, nayo haijengi uwanja wa ndege. Kuhusu Arsenal, maelezo ya serikali yamekuwa kwamba fedha zinatokana na mapato ya utalii. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na bado mwananchi akabaki na hoja. Kodi ya mshahara hukatwa kabla mtu hajaiona. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, hufichwa ndani ya bei ya sukari na sabuni. Kodi ya nyumba ndiyo pekee inayomfikia mtu ikiwa nzima, yenye namba ya kiwanja chake na tarehe ya mwisho, naye huilipa kwa mkono wake mwenyewe. Ni jambo la kawaida, basi, kwamba kodi inayoonekana zaidi ndiyo inayobeba maswali ya zile zisizoonekana.

Halafu yapo malipo ya mtaani. Mkaazi wa Kigali hulipa kila mwezi kampuni binafsi inayozoa taka, na hulipa mchango wa ulinzi wa usiku. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hutoka na jembe kwenda umuganda kuzibua mitaro. Usafi na usalama wa jiji hilo, ambao wageni huusifu kwa haki, umegharimiwa na wakaazi wake kwa sehemu isiyo ndogo, nje kabisa ya kodi ya ardhi. Mtu aliyekwisha kulipia taka, ulinzi na mtaro wake ana haki ya kuuliza faranga zile nyingine zimelipia kitu gani. Jibu lipo: mishahara ya wilaya, barabara za ndani, taa, madarasa, vituo vya afya. Lakini jibu hilo limo katika vitabu vya bajeti ambavyo mlipaji wa Nyamirambo au Gikondo havimfikii, na ankara yake haina mstari hata mmoja unaomwambia.

Hapo ndipo sheria ya 2018 ilipokosea zaidi kuliko katika ule ukomo wa faranga 300. Ilitangaza bei kabla ya kutangaza bidhaa. Ile ya 2023 imeshusha bei, na bidhaa bado haijatajwa.

Majirani wanavyofanya

Rwanda haiko peke yake, na majirani wamejaribu njia zinazotofautiana sana.

Tanzania iliachana na uthamini kwa nyumba nyingi na kuchagua wepesi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa ghorofa. Mwaka 2023 viwango vilipanda hadi shilingi 1,500 na 7,500. Hakuna foleni, hakuna mthamini, na karibu kila mwenye mita analipa. Ila anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Serikali ilieleza kwamba mpangaji amdai mwenye nyumba wake, maelezo ambayo yeyote aliyewahi kupanga chumba anajua yanavyopokelewa mlangoni. Nyumba ya kifahari isiyo na ghorofa inalipa sawa na kibanda cha vyumba viwili.

Uganda ilikwenda upande mwingine. Sheria yake ya mwaka 2005 iliondoa kabisa kodi hiyo kwa nyumba anayoishi mwenyewe, na Kampala hutoza asilimia sita ya thamani ya pango ya mwaka kwa majengo mengine. Mjane aliyerithi nyumba anabaki salama, na hilo si dogo. Gharama yake ni ubishi usiokwisha kati ya jiji na wenye majengo juu ya nani kweli anaishi wapi, pamoja na mzigo wote kuangukia nyumba za kupangisha.

Nairobi ilifanya kosa la kutogusa kitu. Daftari la thamani ya ardhi lililoanza kutumika mwaka 1982 liliendelea kuwa msingi wa kodi kwa karibu miaka 40, na ili lilete fedha yoyote ya maana ilibidi kiwango kifike asilimia 34 ya thamani hizo za kale. Daftari jipya lilipoandaliwa mwaka 2019, kiwango kilishushwa hadi asilimia 0.115, lakini thamani zilikuwa zimepanda mno. Wengine waliona ankara zao zimeruka ghafla, na kwa mwenye nyumba asilimia ndogo haikuwa faraja. Kilichotokea Kenya mwezi Juni 2024, vijana walipojaa mitaani kupinga Muswada wa Fedha hadi ukaondolewa, hakikuhusu kodi ya ardhi. Kilihusu hasira ile ile ya kutozwa zaidi na watu wanaoonekana kutumia ovyo.

Kwa kulinganisha, mpango wa Rwanda una sifa ambazo majirani hawana zote kwa pamoja: daftari la ardhi lililokamilika, msamaha kwa nyumba ya familia, na thamani inayotangazwa na mwenye mali kwa msaada wa mthamini aliyesajiliwa. Kinachokosekana kwa watu wa uani wa Biryogo ni kidogo na kinawezekana. Msamaha ungeweza kufuata kiwanja cha urithi badala ya jina moja kwenye hati. Mzee asiye na kipato angeweza kuruhusiwa kuahirisha deni hadi siku ya kuuza au ya kurithisha, utaratibu unaotumika katika baadhi ya nchi nyingine. Na wilaya ingeweza kuchapisha nyuma ya ankara kazi tatu zilizofanywa kwa fedha za mwaka uliopita katika tarafa husika. Hilo la mwisho halihitaji hata sheria.

Kuna hesabu moja ambayo bado haijazungumzwa vya kutosha. Thamani anayoitangaza mwenye nyumba hutumika kwa kipindi cha miaka mitano, kisha huthaminiwa upya. Waliotangaza mwanzoni mwa sheria ya 2018 wamekwisha kufikia zamu ya kutangaza tena, katika jiji ambalo barabara mpya na mpango mkuu ulioidhinishwa mwaka 2020 vimebadilisha bei za mitaa mizima. Nyumba ya pili iliyokuwa na thamani ya faranga milioni 40 ililipiwa 400,000 mwaka 2022, kwa asilimia moja. Ikiwa mthamini ataikuta leo ina thamani ya milioni 80, basi kwa asilimia 0.5 mwenyewe atadaiwa faranga 400,000.